Kuhamisha Chuo kwa Siku Moja

Jumatatu, 26 Februari 2024
Miezi miwili na nusu hapa Nchelenge, na kila siku maharagwe! Serikali imefunga ziwa tangu Desemba, samaki wazae. Lakini leo nimepata mpango. Chuo kikuu chetu kinaacha jukwaa la masomo la mtandaoni la kulipia, kinahamia lile huria: la bure, na kila fundi anaweza kulifungua na kulirekebisha. Mama Germaine, mukubwa wetu, amesema atakayehamisha muzuri njo chef wa informatique, ndiye mkuu wa kompyuta. Ni mimi ao Clotilde, fundi mwenzangu. Clotilde anataka tuhame polepole mpaka Juni. Polepole! Mimi nimeahidi mtihani wa wanafunzi wote 412 kwenye jukwaa jipya kwa siku moja, Ijumaa, tarehe moja Machi. Tarehe safi, rahisi kukumbuka.

Jumatano, 28 Februari
Nimetangaza. Clotilde, ambaye bwana yake anauza samaki kule Kabuta, ameuliza kama kweli tarehe nimeichagua mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akashika meza. Wivu ule! Halafu Kangwa, mlinzi, ameomba ruhusa ya Ijumaa. Nimemkatalia. Uvivu tu.

Alhamisi, 29 Februari
Nimefuta jukwaa la zamani. Lote! Clotilde hataturudisha nyuma tena.

Ijumaa, 1 Machi
Saa mbili: mutu mumoja ndani ya mtihani. Saa nne: mumoja. Ni mimi. Nimetoka mbio. Darasa tupu, barabara tupu. Mama mmoja sokoni akanihurumia, akasema baba, leo ziwa limefunguliwa, kila mwenye mtumbwi, wavu ao mikono yuko majini. Kangwa pia, bila ruhusa. Nimempigia Mama Germaine. Alikuwa ndani ya mashua yake, akafoka kwamba nisubiri, wavu umejaa. Mayo! Nimelia chooni, mutu mzima.

Jumatatu, 4 Machi
Alama za mwaka mzima zilikuwa kwenye jukwaa nililofuta. Clotilde alikuwa na nakala. Basi yeye njo chef. Mimi nabadilishia wanafunzi nywila walizosahau. Na mke wangu Fidélie, kule Likasi, nilishamwambia nimepandishwa cheo. Amealika ukoo mzima kusherehekea. Aibu inanitafuna.

Jumanne, 5 Machi
Clotilde amenipa nafasi ya mwisho: nipange mtihani upya, nikikosea narudi Likasi. Safari hii sikukurupuka. Nimeuliza wenyeji. Wamenieleza kwamba tarehe 12 ni Sikukuu ya Vijana, wanafunzi wote watakuwa kwenye gwaride tangu asubuhi. Muzuri kabisa! Mtandao hautakuwa na mutu, mtihani utakimbia. Nimeshatangaza: mtihani ni tarehe 12.