Programu Isiyosimama

Asubuhi hiyo Mkurugenzi Mkuu alitangaza, mbele ya watumishi wote na keki yenye nembo ya idara, kwamba kuanzia leo serikali haisimami. Foleni hazisimami, lifti hazisimami bila sababu ya kimaandishi, na programu ya kompyuta ya idara, fahari yake kuu, haisimami hata kwa dakika. Watumishi walipiga makofi wakiwa wamesimama, jambo lililoonekana kidogo kama ukaidi.

Dada Kompyuta, mwandishi wa programu hiyo, hakupiga makofi kwa sababu alikuwa ameshika simu. Mjomba wake, mzee wa miaka sabini na moja, alikuwa kliniki ya macho na hasira zimempanda.

"Wananiambia nirudi na mama yangu! Eti kompyuta inasema nina miaka kumi na moja. Mama nimtoe wapi, mwanangu? Na daktari kasema jicho hili lisipopasuliwa wiki hii, ndiyo basi tena."

Dada Kompyuta aliingiwa na hofu. Ndani ya programu kulikuwa na kipande kidogo kiitwacho Umri, kazi yake kuhesabu miaka ya mtu. Ili kukikamata kikikosea, ilibidi aweke kituo hapo: programu ikifika isimame, naye achungulie ndani. Akapanda kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa.

"Kusimama?" Mkurugenzi alikunja uso. "Haya, nakupa kituo kimoja. Umri ndiye anayelalamikiwa, Umri ndiye atakayesimamishwa."

Dada Kompyuta akakiweka, akasubiri. Hapakupita hata nzi, na wazee waliendelea kugeuzwa watoto. Sababu ilikuwa moja. Katika kuharakisha mambo, Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuagiza kwamba vipande vidogo visiitwe tena kutoka mahali pake. Kila kipande kikubwa kibebe nakala tumboni mwake. Kliniki ilikuwa na Umri wake, shule Umri wake, ofisi ya utumishi Umri wake. Pale penye kituo pamebaki jina tu.

"Mkubwa, hakuna kilichosimama. Niruhusu niweke kituo kwenye kila nakala."

"Kama hakuna kilichosimama, hakuna kosa. Unataka kuigeuza serikali stendi ya mabasi? Na mjomba wako mwambie awe na adabu kwa wakubwa zake."

Kesho yake Mkurugenzi alifika kazini na kukuta mlango mpya wa kioo, uliounganishwa na programu kwa amri yake. Akaweka kidole gumba.

"Karibu, mtoto wa mwaka mmoja," mlango ukasema. "Tafadhali ingia na mzazi wako."

Mlinzi alimsogeza pembeni taratibu, kama inavyotakiwa kwa watoto wachanga, akamuuliza kama ameshakula. Dada Kompyuta alikuwa nyuma yao.

"Simamisha hicho kidude!" Mkurugenzi alifoka.

"Kwenye nakala ipi, mkubwa?"

"Zote! Kila mahali!"

"Mlinzi, umesikia mwenyewe," alisema Dada Kompyuta, akapanda ngazi mbiombio.

Aliweka vituo kwenye kila nakala. Ya kliniki ndiyo iliyosimama kwanza, na mjomba yumo ndani yake, maana alikuwa amerudi mapokezi kugombana. Kosa likaonekana waziwazi: mtu akifika miaka sitini, hesabu inaanza upya kwenye sifuri. Akausahihisha mstari mmoja wenye kosa hilo, mashine ikazitengeneza nakala zote upya. Muda si mrefu simu ikaita.

"Wameniamkia, mwanangu! Wamesema 'shikamoo mzee'! Naingizwa chumba cha upasuaji sasa hivi!"

Dada Kompyuta alifuta machozi, akashuka kumpa Mkurugenzi habari njema. Mkurugenzi alikwishaweka kidole tena.

"Miaka sitini na moja," mlango ulisema. Haukufunguka.

Mlinzi alisoma maandishi kwenye kioo, akavua kofia yake kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Ofisi ya utumishi inasema mwisho wa kazi ni sitini. Ulitakiwa kustaafu mwaka jana, ila tulikuwa tunasubiri ukue."