Kadi Arobaini na Nane za Madam Teresiah

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nafasi yangu imefika! Madam Teresiah, mkuu wetu wa kitengo cha kompyuta hapa kiwanda cha biskuti, ametuita ofisini mimi na Muhonja. Anataka orodha ya kadi zote za mtandao zilizo ndani ya seva zetu kumi na mbili: jina la kadi, anwani yake, kasi yake. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Kadi zilizochakaa zitabadilishwa, na hataki kubahatisha.

Kisha akasema lile neno. Mikataba yetu sote wawili inaisha mwezi huu, na kampuni itamwajiri mmoja tu kwa kudumu. Ataangalia kazi hii. Muhonja alitikisa kichwa polepole. Mimi nilitabasamu hadi mashavu yakaniuma.

Nieleze, ili wajukuu wangu wakisoma waelewe babu yao Wathome alipigana na nini. Seva moja hubeba ndani yake kompyuta nyingi zisizoshikika. Ni kama ploti ninayoishi Kware: jengo moja, wapangaji tele, kila mmoja akijiona ana kwake. Kadi ya mtandao ndiyo geti. Kila seva ina mageti manne. Mzee aliyezisimika seva hizo alizipa majina ya mitaa yetu, Umoja, Dandora, Kayole, Mathare na wenzao, akastaafu.

Muhonja amechukua daftari, biro mbili na tochi, akaingia chumba cha seva. Tochi! Mwaka huu! Mimi nitaandika programu itakayoziuliza seva zote kwa mpigo nikiwa nimekaa na chai yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Ushindi! Programu imemaliza kazi kwa sekunde tisa. Mistari arobaini na nane kamili. Nimemtumia Madam hapo hapo, na nakala kwa Muhonja, na nakala kwa mkuu wa mauzo, ambaye hahusiki.

Saa nane mchana. Si ushindi. Madam ameniita akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwa nini kila seva ina kadi zilezile nne zenye anwani zilezile. Nikatazama. Programu yangu ilikuwa imeiuliza Dandora mara kumi na mbili. Nayo Dandora, bila kuchoka, ikajibu mara zote kumi na mbili.

Nilisema lilikuwa jaribio tu. Akasema majaribio hayatumwi kwa watu wa mauzo. Muhonja amefika seva ya tatu na ana vumbi puani. Simwogopi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimerekebisha. Sasa kila seva inajibu yenyewe. Lakini kadi saba hazionyeshi kasi. Mapengo saba kwenye orodha yangu, kama mtoto anayeng'oka meno. Orodha yenye mapengo haimwajiri mtu.

Muhonja alichungulia skrini yangu (nani alimwita?) akasema, "Wathome, hizo saba hazina waya. Nimeziona na macho yangu. Andika tu haina waya, umemaliza." Nilimshukuru kwa ubaridi. Tangu lini mshindani wako akakupa jibu bure? Wivu mtupu. Akaniuliza pia kama nataka aisome programu yangu kabla sijaiendesha. Nikamwambia asante, ina siri.

Nimewaza mchana kutwa. Kadi hizo zimelala. Simu ikigoma si unaizima na kuiwasha? Basi programu itazima kila kadi, itangoja, itaiwasha, kisha itasoma kasi. Nimejaribu kwa kadi moja iliyolala kwenye Umoja. Ikazimika, ikawaka, kasi haikuonekana. Sababu nimeigundua: niliamsha moja tu! Lazima ziamshwe zote, kwa zamu, kuanzia ya kwanza. Nimeipanga programu ijiendeshe yenyewe kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitaingia kazini saa mbili nikute orodha inaningoja.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Programu huongea na seva kupitia kadi ya kwanza. Saa kumi na mbili kamili ikaiambia kila seva izime kadi ya kwanza. Seva zikatii. Kisha ikataka kuziambia ziiwashe. Iziambie kwa njia gani? Nilikuwa nimejifungia nje ya ploti kumi na mbili, funguo zote zikiwa ndani.

Simu iliyoniamsha ilikuwa ya Mama Opicho, jirani yangu wa mlango wa pili, kibarua wa kufunga pakiti hapo kiwandani. Ile mashine ya getini inayosoma vidole vya vibarua imekufa, maana inategemea seva zetu. Asiyesomwa kidole kufikia saa moja na nusu hurudishwa nyumbani, na siku yake imeenda. Watu mia mbili walikuwa wamesimama nje, wengi wametembea kutoka Mukuru kwa Reuben. "Wathome, si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Si ukuje basi?" Nikasema naja. Nilikimbia na soksi za rangi mbili.

Getini walinipisha. Mtu mmoja akapaza sauti, "Pisheni fundi apite, ako na haraka." Heshima hiyo iliniuma kuliko matusi. Niliona aibu ya kweli, aibu ya kumfanya mtu aangalie viatu vyake.

Muhonja alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameshamshawishi Kilonzo, msimamizi wa zamu, awaandike vibarua kwa mkono na kuwaruhusu waingie. Kilonzo alinung'unika lakini aliandika majina yote mia mbili. Hakuna aliyerudishwa.

Tukaingia chumba cha seva na toroli lenye skrini na kibodi, tukawa tunazichomeka kwenye seva moja baada ya nyingine. Kila kadi ina jina lake, na orodha yangu nilikuwa nimeihifadhi vizuri sana, ndani ya seva. Kwa hiyo Muhonja alisoma majina kutoka daftarini, mimi nikaandika amri ya kuwasha. Mathare ilikuwa ya mwisho, saa nne kasoro robo.

Madam akauliza kilichotokea. Nilimtazama Muhonja. Alikuwa akifunika biro yake. Nikasema ni stima. Madam akasema stima haijapotea tangu Jumapili. Nikasema labda ni stima ya ndani. Akakunja mikono, akanitazama mpaka nikasema ukweli wote.

Ijumaa, 12 Septemba

Muhonja alimkabidhi Madam daftari saa nne. Mistari arobaini na nane, saba imeandikwa "haina waya". Madam alilitia sahihi palepale, akamrudishia. Kazi ya kudumu ni ya Muhonja. Nilipiga makofi kuliko wote, ili ionekane.

Mimi nimeongezewa miezi mitatu, chini yake. Madam ameniambia ni Muhonja mwenyewe aliyeniombea. Nimefurahi, nimeumia, nimefurahi tena. Sharti ni moja: nisiendeshe programu yoyote kabla Muhonja hajaisoma. Nimeapa.

Jioni Mama Opicho ameniletea chapati tatu, shukrani kwa kuokoa siku yao. Nilitaka kumwambia. Chapati zilikuwa moto.

Jumamosi, 13 Septemba

Muhonja amenipa kazi ya kwanza: ninakili daftari lake kwenye kompyuta kufikia Jumatatu. Alisema ni kazi ya saa moja, taratibu, kwa mkono. Alisema pia nilitunze, maana nakala nyingine hakuna.

Kwa mkono! Wakati programu inaweza kusoma maandishi kutoka kwenye picha! Nimeanza kuiandika asubuhi, sasa ni saa kumi jioni, na inakaribia. Lile sharti bila shaka lilihusu seva. Hili ni daftari. Bado inasoma herufi B kuwa nane, lakini hilo ni dogo.

Shida ilikuwa kurasa kujikunja katikati. Basi nikang'oa pini za daftari na kuzitandaza kurasa kitandani, karibu na dirisha, zipate mwanga. Nilisahau kwamba huku ghorofa ya saba kuna upepo. Nimeziokota zote isipokuwa moja, ambayo naiona kutoka hapa, imenata kwenye shuka iliyoanikwa ghorofa ya nne. Muhonja hakuzipa kurasa nambari. Nitamweleza kwa upole kwamba huo ndio udhaifu wa kazi za mkono.

Sina wasiwasi. Nimeanza programu ya pili, ya kuzipanga. Itajiendesha yenyewe Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi.