Moja Iliyobaki Nje

Asubuhi hiyo tulikuta tangazo limebandikwa mlangoni pa jengo letu, lina mhuri: "Kuanzia leo wapangaji wote mtafaidi mtandao wa kasi ya megabiti elfu kumi. Ofisi ya Mwenyekiti." Na kuanzia asubuhi hiyo hakuna simu iliyofungua hata picha ya paka.

Kwenye benchi la nje ya duka la kinyozi tulikuwa watatu: Kinyozi mwenyewe, Fundi Waya anayehudumia mtandao wa jengo, na mimi, Bibi wa Ghorofa ya Tatu. Mjukuu wangu alikuwa juu, blauzi imenyooka kwa pasi, anasubiri usaili wa kazi kwa video saa tano. Hapo ni saa nne na nusu.

"Fundi, hii ni kasi au msiba?" Kinyozi akauliza.

"Waya mzima. Tatizo ni boksi la ukuta wa mtandao. Ndilo linalolinda mlango na kupanga foleni: mazungumzo ya video mbele, sinema zako nyuma."

"Kumbe ni wewe unayeniweka nyuma!"

"Mwaka wa tatu huu. Sasa, pale pa kuandika kasi pana nafasi ya tarakimu nne tu. Elfu kumi ina tano. Sifuri nne zimeingia, ile moja ya mbele imebaki nje."

"Kwa hiyo boksi linajua kasi yetu ni..."

"Sifuri. Na linaigawa kwa haki kabisa. Kila mpangaji kapata sifuri yake."

"Kitendawili," nikasema.

"Tega, Bibi."

"Wageni watano, viti vinne. Aliyekosa kiti ndiye aliyebeba chakula."

"Boksi letu!" Kinyozi akacheka mpaka akaweka mashine ya kunyolea chini. "Fundi, si uandike elfu tisa mia tisa tisini na tisa?"

"Ningeshaandika. Ufunguo wa kabati la boksi anao Mwenyekiti, na hataki."

Mwenyekiti huyo akatokea, tai shingoni, ufunguo kiunoni.

"Haiwezekani! Nimetangaza elfu kumi. Nimegonga mhuri. Leo nishuke?"

"Unashuka kwa moja tu, mzee," Fundi akasema. "Kesho napakia programu mpya, boksi litapokea hata tarakimu kumi na mbili."

"Ndivyo inavyoanza. Leo moja, kesho kiti changu. Watu wasubiri hiyo kesho."

"Usaili wa mjukuu wangu hausubiri kesho, mwanangu."

"Bibi, hii ni heshima ya jengo."

Saa nne na dakika hamsini. Nikamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Nani kasema tunapunguza? Elfu kumi ziko palepale. Hizo elfu tisa na ushei ziende kwa wapangaji. Ile moja ibaki ya ofisi. Kiongozi mzima akose akiba?"

Kinyozi akageukia kioo, mabega yanamtikisika. Mwenyekiti akanyoosha tai.

"Ya ofisi peke yake?"

"Haigusi mtu mwingine."

Akatoa ufunguo.

Saa tano kasoro dakika mbili simu ya Kinyozi ikalia mfululizo, ujumbe wa tangu asubuhi ukimwagika. Saa tano kamili nikasikia dirishani juu: "Habari za asubuhi. Ndiyo, nawaona vizuri kabisa." Ndipo nilipokumbuka kunywa chai yangu.

Mwenyekiti hakuondoka. Akainama sikioni kwa Fundi, ila yeye sauti ya sikioni hana.

"Ile moja yangu, itakaa humo kabatini au niifungulie faili?"

"Faili, mzee," Fundi akajibu, uso mkavu. "Na uligonge mhuri."