Marehemu Wapewe Tarehe ya Mwisho

Arthur Wabwire,
Kijiji cha Buhalulo,
Busia, upande wa Uganda.
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwa Madam Bridgit,
Afisa wa Takwimu na Huduma za Watoto.

Madam,

KUH: WATOTO 102 WALIOPOTEA WAKIWA NYUMBANI KWAO

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu ambaye amekwisha kukuandikia mara mbili mwaka huu, tarehe 3 Februari na tarehe 11 Machi, na ambaye bado anaamini kwamba kimya chako ni cha wingi wa kazi. Mimi ni karani mstaafu. Kwa miaka ishirini na sita nilijaza fomu za mizigo pale mpakani, na tangu mwaka 1994 nina shajara ninayoiandika kila siku. Ninayokueleza hapa yametoka humo.

Tarehe 2 Juni ofisi yako ilibandika tangazo kwenye mlango wa kanisa letu, kwa Kiswahili safi, ili sisi wa mpakani tulisome bila kumtafuta mtu wa kututafsiria. Linasema kwamba Buhalulo ina watoto 143 walio chini ya miaka mitano. Linasema 102 kati yao walichanjwa mara moja tu, kisha wakapotea. Linasema kijiji kinachopoteza watoto kiasi hicho hakistahili kliniki, na kwa hiyo chanjo inayotolewa kanisani kila Jumatano ya tatu ya mwezi itakoma baada ya ile ya mwezi huu, mpaka watoto hao wapatikane.

Nilichukua kalamu nikapita nyumba kwa nyumba. Ilinichukua siku mbili. Watoto ni 41. Nikawahesabu upya siku ya tatu, kwa sababu mmoja alikuwa ndani ya beseni na nilidhani ni nguo. Ni 41.

Madam, wale 102 sijawaona, lakini najua walikotoka. Nitakuonyesha kwa mfano wa mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu aliye dereva wa lori na mkewe, Akiror.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 2024 akaitwa Mugeni. Tarehe 20 Novemba, akiwa na wiki sita, Mugeni alichanjwa. Kuanzia tarehe 1 Desemba alilia siku tatu mfululizo. Maziwa hayakumtuliza, wala dawa ya tumbo. Huku kwetu mtoto akilia hivyo, watu wazima wanaelewa kwamba kuna marehemu katika ukoo anayetaka kuitwa. Majina yanatajwa moja moja, na pale mtoto anaponyamaza, hilo ndilo jina lake. Akiror ni Mteso wa upande wa Tororo. Alipotajwa bibi yake Adeke, mtoto alinyamaza. Tarehe 18 Desemba Adeke alichanjwa. Tarehe 5 Januari kilio kikarudi. Mke wangu, Elinah, ni wa Nagongera, na marehemu wa kwao hawakupenda kuachwa nyuma. Alipotajwa shangazi yake Athieno, mtoto alilala. Tarehe 15 Januari Athieno alichanjwa.

Mimi nina mjukuu mmoja mwenye chanjo tatu. Tableti ya ofisi yako, ile mashine ya kuandikishia watoto siku ya kliniki, ina wajukuu wangu watatu, kila mmoja na chanjo moja, na wawili kati yao hawajulikani walipo.

Utauliza kwa nini mama hakuonyesha kadi ya kwanza. Kadi ya kwanza ina jina lililokataliwa, Madam, na kulitaja jina lililokataliwa mbele ya mtoto ni kumrudishia kilio. Hakuna mama wa Buhalulo anayeweza kufanya hivyo kwa ajili ya kadi. Kate, mhudumu wetu wa afya wa kijiji, analijua jambo hili kwa sababu na yeye ana majina mawili. Lakini nilipomlalamikia alisema, "Mzee Wabwire, si mimi. Mashine inauliza jina, mimi naipa jina." Nikamwuliza kama mashine haina mahali pa kuandika kwamba mtoto alilia. Akaitazama mbele na nyuma. Hapakuwepo.

Baada ya maelezo hayo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Vyandarua. Mwezi wa Machi tuliletewa vyandarua 38. Ikiwa watoto 143 wapo kiasi cha kupotea, basi wapo pia kiasi cha kulala, na mbu hawajaarifiwa kwamba 102 ni wa kwenye tableti. Tunadai vyandarua 105 vilivyobaki. Tutawatunzia.

2. Msako. Tarehe 9 Juni vijana wawili kutoka ofisi yako walikuja kuwatafuta waliopotea. Walifika kwa jirani yangu Goretti wakamwuliza alimpeleka wapi mtoto wake aitwaye Jovia. Goretti akajibu, "Si huyu hapa ananyonya?" Wakamwambia huyo ni Oriokot, wamesoma kwenye orodha, na ni wa kiume. Hapo nakubali mtoto ni wa kiume. Jovia lilikuwa kosa la marehemu. Vijana wakaandika kwamba mama hatoi ushirikiano. Tangu siku hiyo Goretti humficha mtoto akisikia pikipiki, na kwa njia hiyo ofisi yako sasa inakaribia kumpoteza kweli.

3. Uzazi wa mke wangu. Mama wengi wa hapa huvuka kwenda kuuza sokoni upande wa Kenya, kwa hiyo siku ya kliniki Elinah ndiye huwabeba watoto. Tableti humwandika aliyembeba mtoto kuwa mzazi. Kwa hesabu yake, Elinah, mwenye umri wa miaka 67, amejifungua watoto tisa katika miezi kumi na minne. Tarehe 11 Juni manesi wawili walikuja kumfundisha uzazi wa mpango. Walikuwa mabinti wenye adabu, na walikaa saa nzima. Elinah akawapikia chai akawaambia, "Wanangu, mngekuja mwaka themanini na nane mngenisaidia sana." Silalamikii ziara hiyo. Nalalamika kwamba tangu wakati huo ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeijaza ile tableti.

4. Shule. Nimeona katika mpango wenu kwamba kwa sababu ya ongezeko kubwa la watoto, Buhalulo itajengewa madarasa matatu mapya ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo watoto 102 wasiokuwepo wametengewa madarasa, na watoto 41 waliopo wamenyang'anywa sindano. Sipingi madarasa. Naomba tu kujua kama walimu watakaoletwa watakuwa wa aina gani, kwa maana wa kwenye orodha tunao tayari, na hatujawahi kuwaona darasani.

5. Vijana. Kama hesabu hii itaendelea, mwaka 2042 Buhalulo itakuwa na vijana 143 wanaotafuta kazi. Tafadhali wale 102 wapewe nafasi zao kwanza, maana hawatachelewa kazini wala kuomba ruhusa ya mazishi.

6. Chanzo chenyewe. Nimeliwaza jambo hili kama karani. Mama hana kosa, Kate hana kosa, na mashine, kama tulivyoambiwa mkutanoni, haikosei. Wanaobaki ni marehemu. Wao ndio wanaokuja wiki ya nane, ya kumi, ya kumi na tatu, bila taarifa, wakidai majina katikati ya ratiba ya chanjo. Pale mpakani, mwenye mzigo akichelewesha karatasi zake, anapewa tarehe ya mwisho. Kwa hiyo naiomba ofisi yako, kwa heshima zote, itoe waraka kwa marehemu wote wa Buhalulo, wa Nagongera na wa upande wa Tororo, kwamba yeyote anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake ajitokeze kabla ya wiki ya sita. Atakayechelewa asubiri mtoto mwingine. Waraka ubandikwe makaburini, kwa sababu kanisani hawafiki, na uandikwe kwa lugha zote, kwa kuwa bibi yake Akiror hakujua Kiswahili na shangazi wa Elinah alikijua lakini hakukipenda.

Ili kuonyesha kwamba siombi la wengine tu, natoa ahadi ya maandishi kwa niaba ya nyumba yangu. Mjukuu wangu ni Athieno. Atabaki Athieno alie asilie. Nimeitia sahihi ahadi hii mbele ya Elinah.

Sasa niseme lisilo na mzaha. Tarehe 9 Julai mtoto huyu atatimiza miezi tisa, na atahitaji chanjo ya surua. Jumatano ya tatu ya Julai ni tarehe 16, ambayo ni ya kwanza kati ya zile mlizozifuta. Mwezi wa Aprili surua ilipita kijiji cha jirani. Tuliisikia kwa vilio vya watu wazima. Kutoka hapa hadi mjini ni kilomita kumi na nane, na mvua ikinyesha boda haipiti bondeni. Nilipomwuliza Kate kama mjini watampokea, alijaribu kwenye tableti palepale, akatikisa kichwa: "Huyu Athieno ana chanjo moja tu, mzee. Watasema aanze upya." Surua haitamwuliza jina, Madam. Kliniki ibaki kanisani.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote, wale vijana wa msako, na wale manesi wawili. Elinah anasema birika bado lipo. Wasalimie pia watoto wako, hata wawe wangapi.

Wako katika kusubiri jibu,
Arthur Wabwire

N.B. Usiku, siku ileile. Kabla sijaifunga bahasha mtoto alianza kulia, akalia tangu chakula cha mchana mpaka cha usiku. Elinah alitaja marehemu wote wa kwao, nami nikataja wa kwetu, mpaka mama yangu mzazi. Hakuna aliyekubaliwa. Akiror, kwa kuchoka, akaichukua bahasha mezani akasoma kilichoandikwa juu: "Bridgit." Mtoto akanyamaza. Akacheka. Elinah akasema haiwezekani, jina la kutuliza kilio hutolewa na marehemu, si mtu aliye hai. Akiror akamjibu, "Mama, ameandikiwa barua mbili na hajajibu hata moja. Nani amekuambia yuko hai?" Tulijadili, na hatukupata ushahidi.

Kwa hiyo futa ahadi yangu ya hapo juu, na uandike mtoto wa 144. Kwa mila yetu, mtu aliye hai ambaye mtoto ameitwa kwa jina lake huja kumwona na zawadi. Usihangaike na kuku wala kitenge. Njoo Jumatano tarehe 16, na uje na chanjo ya surua. Watoto 41 watakuwa kanisani.