Sola Ziwe Zangu Peke Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Hatari. Mhandisi wa kampuni ya umeme kapita mtaani. Anasema transfoma yetu ni kuukuu, haiwezi kupokea umeme wa sola kutoka paa zaidi ya moja, na hilo moja ni langu. Wanaleta mpya ili kila mtu aunganishwe. Kila mtu! Hata jirani yangu fundi cherehani, ambaye kila asubuhi hunyoosha shingo kutazama sola zangu. Raha yote ya kuwa nazo ni yeye kutokuwa nazo.

Jumanne, 5 Machi
Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaambia transfoma mpya zinaunguza friji. Wameniamini upesi mno, hadi nikaanza kuihofia friji yangu. Wamegoma kuzimiwa umeme siku nzima ili transfoma mpya ifungwe. Mhandisi kaahirisha. Nimetembea kifua mbele hadi jioni.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi cherehani kachoka kusubiri. Kanunua sola na betri kubwa, asitegemee nyaya za mtaa. Nimecheka sana. Betri ya nini, na jua lipo? Mke wangu anasema nipunguze vituko. Mayai yake yako kwenye mashine ya kutotolesha, vifaranga vinatoka kesho kutwa, na huu ndio mradi wake wa kwanza.

Ijumaa, 8 Machi
Transfoma imelipuka saa sita mchana. Jua linawaka, sola zinameremeta, ndani hakuna hata taa. Nimempigia mhandisi. Eti sola zisizo na betri hujizima umeme wa mtaa ukikatika, zisije zikamuua fundi wa umeme aliye juu ya nguzo. Eti aliniambia zamani. Mke wangu hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Kabeba mashine na mayai hadi kwa fundi cherehani. Mimi nilimshikia mlango.

Jumapili, 10 Machi
Vifaranga vimetoka, karibu vyote. Kwa jirani! Mke wangu anashinda huko, anamwita fundi kaka. Kaniagiza nikamshukuru. Imeniuma. Transfoma mpya imefungwa, hakuna friji iliyoungua, na salamu za mtaani zimepungua.

Ijumaa, 15 Machi
Nilishukuru. Kisha nikamwita mwashi. Tumejenga ukuta kati yetu, mrefu, jua lisifikie sola zake. Mwashi aliuliza kama nina uhakika jua linazamia upande gani. Nikamwambia ashike mwiko wake. Leo alasiri kivuli kimelala juu ya sola zangu zote, za fundi zinang'aa. Kasoro nimeiona: ukuta ni mfupi. Kesho tunaongeza kimo.