Mvua ya Bustani ya Mkurugenzi

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa Idara ya Kujiandaa na Ukame, likiwa na mihuri mitatu. Kwanza: ukame haupo mpaka idara iseme upo. Pili: idara itasema upo pale kipimo chake cha mvua kitakaposoma sifuri siku thelathini, na hapo ndipo ghala la mbegu za mtama litafunguliwa. Tatu: popote idara itakapothibitisha kuwa pamenyesha vya kutosha, palimwe chakula mara moja, bila kujali ni kwa nani. Sahihi: Mkurugenzi.

Mambo yamepangika, au siyo?

Sasa kipimo chenyewe, kile kikopo cha kukinga mvua, kilisimama katikati ya bustani ya Mkurugenzi, kwenye nyasi za kijani mpaka unaona aibu kuzikanyaga. Kila asubuhi bomba la kunyunyizia linazunguka, chaa, chaa, chaa. Saa mbili karani wa vipimo, ofisini wanamwita Milimita, anachungulia kikopo na kuandika: tisa. Kesho yake kumi. Huko mashambani mahindi yamekauka yakiwa ya magotini na ng'ombe unawahesabu mbavu ukiwa mbali, lakini kwenye daftari mvua inanyesha kila siku, hata Jumapili.

Milimita siyo mjinga. Alishamfuata bosi.

"Mzee, yale ni maji ya bomba."

"Yalitoka juu?"

"Yalitoka juu, ila..."

"Yakaingia kwenye kipimo?"

"Yaliingia."

"Sasa unataka tuyahoji yametoka kwa nani?"

Akashauri kipimo kihamishwe. Akaambiwa kuna kamati ya kuhamisha vipimo, na mwenyekiti wake yuko kwenye semina ya mafuriko.

Mwezi ukapita hivyo. Alhamisi moja akaingia shangazi yake, yule aliyemlea. Mahindi yake yote yameungua. Kilichobaki ni unyevu kidogo bondeni, wa wiki moja tu. Ukipita huo, hata mtama hauoti.

"Nimefuata mtama, mwanangu."

"Shangazi, ukame bado."

"Bado wapi, na mimi nina vumbi mpaka masikioni?"

"Bado kwenye daftari."

Shangazi akamtazama kama anavyotazama jembe lililolegea mpini. "Nipeleke kwa huyo mwenye mvua."

Mkurugenzi akamkaribisha vizuri. "Mama, mwezi huu tumepata milimita mia tatu."

"Zimenyesha wapi, baba?"

"Hapo." Akaonyesha dirishani.

"Hebu niandikie hivyo hivyo. Nikawaonyeshe wenzangu, watulie."

Kama kuna kitu Mkurugenzi alikipenda kuliko nyasi zake, ni kuandika barua. Akaandika, akagonga muhuri, akaupuliza ukauke.

Ijumaa saa mbili Milimita anafika na daftari lake, anakuta watu arobaini na majembe. Matuta matatu yako tayari. Mkurugenzi anatoka mbio, tai iko begani.

"Nani kawaruhusu?"

Shangazi hakunyoosha hata mgongo. "Wewe, baba. Barua inasema hapa pamenyesha. Tangazo linasema paliponyesha palimwe. Sogea kidogo, unakanyaga tuta."

Mlinzi alikuwa ameshatoa filimbi. Akasoma barua, akasoma tangazo, akairudisha filimbi mfukoni. "Sahihi ni yako, mzee."

Majembe yakageukia upande wa maua. Mkurugenzi akamshika Milimita bega. "Andika sifuri."

"Ya leo, mzee?"

"Ya siku zote thelathini. Yale yalikuwa maji ya bomba."

"Yalitoka juu, mzee."

"Andika, nakuomba."

Milimita akaandika. Ana mwandiko mzuri yule kijana, hapendi kuuharakisha. Sifuri moja, tuta moja. Sifuri nyingine, tuta jingine. Ya thelathini ilipokamilika, ukame ukawa upo rasmi, majembe yakatua, ghala likafunguliwa, na nyasi zilizobaki zingetosha kulalia kuku mmoja.

Kila ukame unadai taarifa ya hasara. Milimita akajaza: bustani moja, imeteketea yote. Na kwa kuwa mwathirika lazima afike mwenyewe, Mkurugenzi akapanga foleni ya mtama, mtu wa arobaini na moja, tai bado iko begani.

Shangazi alikuwa anatoka na mzigo wake kichwani. Akasimama mbele yake, akamkabidhi jembe.

"Shika, baba. Pale kwenye maua hatukumaliza."