Vifaa vya Theluji vya Dada Mwongeli

Nzivo aliposikia mwanamke akiulizia nguo za theluji pale Gikomba, alimshukuru Mungu kwa mara ya kwanza mwaka huo wa tisini na sita. Mwanamke mwenyewe, Mwongeli, alikuwa akiwaambia wauza mitumba kwamba dada yake ameolewa Japani, na kesho anapanda ndege kwenda kuteleza milimani.

"Bwana asifiwe, dada," Nzivo akasema, akinyoosha kola ya jaketi lake la ngozi. Jaketi hilo ndilo lililokuwa ofisi yake. Bila hilo, hakuna mtu Majengo nzima angemwamini hata na kiberiti. "Theluji ndiyo kazi yangu. Unakaa wapi nikuletee?"

"Amina, ndugu. Umoja, geti ya kijani, chumba cha mwisho."

Saa nane Nzivo alibisha hodi akiwa na gunia. Ubao wa kutelezea ulikuwa wa kweli, ila mama mmoja alikuwa ameutumia kupigia nguo pasi miaka miwili. Miwani ilikuwa ya fundi wa kuchomelea vyuma, na viatu vilikuwa gambuti za kuoshea magari.

Chumbani hamkuwa na hata stuli. "Nimeuza vyote. Safari, ndugu," Mwongeli akaeleza. Nzivo akamwonea huruma kidogo, jambo lisilomfaa mtu wa kazi yake.

"Hii yote ni kamera, dada, yaani mtumba wa daraja la kwanza."

Mwongeli akavaa kila kitu, akajigeuzageuza. "Na juu? Baridi ya huko wanaizuia na nini?"

"Ngozi. Sweta huko ni kama gazeti."

"Kama hiyo yako?"

"Hii hii! Si ilitoka Japani?" Nzivo aliivua akamvalisha mwenyewe, huku akiipandisha bei kimoyomoyo.

"Sasa nimetosheka. Pesa ziko hapa kwa kibeti, lakini kitu cha safari silipii kabla hakijaombewa. Wewe umeokoka, ndugu. Tuongoze."

Tumtendee haki Nzivo: aliomba vizuri sana. Alifumba macho, akainua mikono juu. Aliombea ndege, rubani na magurudumu. Aliombea milima yote ya Japani, ingawa hakujua jina la hata mmoja, na sauti yake ikampendeza mwenyewe hadi akarudia magurudumu.

"Amina," akasema. Hakuna aliyeitikia.

Akafumbua macho. Mlangoni alisimama mama mzee mwenye funguo mkononi, Mwalimu Truphena, mwenye nyumba.

"Wewe ndiye mume? Mkeo amekikagua chumba, amekipenda. Amesema kodi utalipa wewe."

"Mama, yule si mke wangu! Amebeba mali yangu! Kesho anaenda Japani kwa theluji!"

Mwalimu Truphena, aliyefundisha jiografia miaka thelathini, alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Theluji mwezi wa saba? Kijana, saa hii Japani watu wanatokwa na jasho."

Nzivo alitaka kulia. Akakunja mikono juu ya fulana yake yenye matundu, kwa sababu hapo Umoja kulikuwa na baridi kali.